Nailoni ya Mara ya Pili

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Najua kwa sababu daftari langu lina saa hiyo, imeandikwa kwa kalamu ya kijani, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, shule zimefungwa, na chumba chetu cha mizigo katika jengo la Tianxiu kilinuka kama siku zote: gundi ya selotepu, raba ya viatu vipya, na supu ya tambi ya majirani iliyopenya chini ya mlango. Mama yangu ni wakala wa mizigo. Wateja walioko Tanzania wananunua vitu huku Guangzhou kwa simu, wauzaji wanavileta kwetu, sisi tunavikusanya kwenye masanduku na kuvisafirisha. Kazi yangu ilikuwa video. Kila kifurushi kikifika nakichana kwa wembe mbele ya kamera ya simu, naigeuza bidhaa mbele na nyuma ili mwenyewe aione kabla haijaondoka, kisha namtumia. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu moja tu: katika video huonekana mikono, basi. Nilikuwa mwoga wa watu kiasi kwamba sikuwahi kusema hata neno moja ndani yake.

Mteja niliyemwogopa kuliko wote tulimwita Mzee Radi. Aliuza vipuri vya pikipiki Iringa, na mizigo yake ndiyo iliyojaza nusu ya masanduku yetu. Mama alishasema waziwazi kwamba huyo akituhama, chumba tunarudisha funguo. Alipenda kutuma ujumbe wa sauti, na alizungumza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. "Nyie wasichana wa mizigo! Taa nimeagiza ishirini, kwenye video nimehesabu kumi na tisa! Ya ishirini imekwenda kuoga?" Nikiona jina lake tu nilikuwa nailaza simu kifudifudi. Nikajizoesha kusoma maandishi yake na kuziacha sauti, nikijiambia Mama atazisikiliza.

Siku hiyo Mama alikuwa soko la nguo la Shahe na wateja. Kifurushi cha mzee kilichofika hakikuwa na uzito wa vipuri. Kilikuwa bapa, chepesi. Ndani mlikuwa na santuri, toleo jipya la albamu ya zamani ya bendi moja ya Waingereza, wale vijana waliouchukua muziki wa bluzi wa watu weusi wa Marekani wakaupiga kwa magitaa ya umeme. Jaladani wanaume wanne wenye nywele ndefu walisimama mbele ya ukuta wa matofali, wamenuna kama wanasubiri basi lisilokuja. Jalada lote lilikuwa limevikwa nailoni nyembamba, na juu ya nailoni kulikuwa na stika ya duara ya rangi ya dhahabu. Nikawasha kamera. Nikaichana nailoni, nikafungua jalada, nikazitoa sahani mbili nyeusi zinazong'aa mpaka nikauona mdomo wangu ndani yake. Nikabonyeza kutuma.

Haikwenda. VPN, ile programu inayotuunganisha na watu wa nyumbani, ilikuwa imekatika, na video ikabaki inazungukazunguka. Katika kusubiri, kidole kikagusa ujumbe wa sauti ambao mzee aliutuma tangu asubuhi. Safari hii hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kwanza.

"Binti, hujambo. Hiyo santuri usiifungue, nakuomba. Ya kwanza niliinunua nikiwa kijana, nikajifunzia gitaa, ikaja kwenda na mafuriko. Hili toleo jipya nimeshaliagiza mara mbili kwa watu wengine. Mara zote mbili wameniletea iliyofunguliwa, wakaivalisha nailoni tena, kumbe ndani michirizi mitupu. Nitampigia na mama yako. Guangzhou nzima nimebakiwa na ninyi. Niacheni niifungue mwenyewe."

Nailoni ilikuwa sakafuni, imejikunja, inachezacheza kwa upepo wa feni. Nikaifuta video kabla mtandao haujarudi. Kisha nikafanya kile ambacho mtoto yeyote aliyekulia kati ya maboksi ya Xiaobei, mtaa wetu, angekifikiria. Uchochoroni nyuma ya jengo palikuwa na laoban, yaani bosi, mwenye mashine ya kubana nailoni kwa joto. Alifunga makasha ya simu, sabuni, midoli, chochote, kikatoka kama kimezaliwa leo. Nikampelekea santuri nikiwa nimeificha ndani ya koti. Kichina changu ni cha shuleni, ni kizuri, lakini siku ile kilitoka vipandevipande.

Akaitazama, akacheka. "Umefungua zawadi ya mtu, siyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mei wenti," akasema, hakuna shida. Akaipuliza stika kwa hewa ya moto mpaka ikabanduka nzima kutoka kwenye nailoni ya zamani. Akaisukuma santuri mashinani, mashine ikapumua, na harufu ikanipiga: plastiki inayokaribia kuungua lakini haijaungua, tamu na chungu kwa pamoja. Mpaka leo nikiinusa, mate yanakauka. Stika ikarudi mahali pake. "Hata aliyeitengeneza hatajua," akasema, na hela yangu akaikataa.

Nilidhani hofu ingebaki pale uchochoroni. Mama alirudi jioni, miguu imevimba, akaiona santuri mezani, akaishika kwa ncha za vidole. "Tazama, kama yai. Mzee kanipigia mchana nikiwa Shahe, eti nimhakikishie. Nikamwambia, binti yangu huyo? Neema akikatazwa hagusi kitu cha mtu. Anataka video ya nailoni kesho asubuhi, kabla hatujafunga sanduku." Akanipapasa kichwani akaenda kuosha miguu. Nikaisogeza santuri kwenye taa. Hapo nikaona vitundu. Vidogo, vimepangwa mstari kama alama za sindano, vya kutolea hewa wakati nailoni inabanwa. Nikaokota ile nailoni ya kwanza kwenye takataka. Haikuwa na kitundu hata kimoja. Mtu aliyetapeliwa mara mbili, kitu cha kwanza atakachokitafuta ni hivyo vitundu, na atakapoviona atakuwa ameshika mkononi neno la mama yangu likiwa limevunjika.

Niseme ukweli: sijui kama ningesema endapo nailoni mpya isingekuwa na vitundu. Ningependa kuandika kwamba ningesema. Sasa nina miaka kumi na saba, na katika video zangu kuna sauti. Wateja wananitania kwa kuniita mtangazaji. Ujumbe wa sauti nausikiliza kabla sijashika wembe, hata ule unaoanza kwa matusi, na moyo bado unanidunda vilevile. Vipuri vya Mzee Radi vilipita kwa wakala mwingine miezi mitatu, chumba tukakishikilia kwa shida, kisha siku moja vikaanza kuja tena, bila maelezo. Mama naye alininunia karibu wiki nzima, na hiyo ndiyo niliyoiona ndefu kuliko ile miezi. Kama yule msichana wa miaka kumi na minne angeyajua hayo mapema, nadhani angeiinamisha santuri kidogo ili taa isimulike vitundu, akarekodi mikono yake, akanyamaza.

Asubuhi ya pili yake, Jumapili ile, saa mbili na nusu, Mama aliishika simu mwenyewe ili nami niishike santuri kwa mikono miwili. "Haya, igeuze taratibu," akasema, na taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Niliigeuza. Nikaileta karibu na kamera, upande wa vitundu. Kisha nikachukua wembe.

"Neema! Unafanya nini wewe?"

Nikaichana nailoni kwa mara ya pili, kutoka juu mpaka chini, nikainama mpaka uso wangu wote ukaingia mbele ya kamera.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Aliyeifungua ni mimi."