Vidonge vya Nyumba Mbili

Baba alimvunja mama mkono kwa fimbo yake ya kutembelea, wakati yeye mwenyewe hakuweza kusimama bila kushika ukuta.

Ilikuwa miaka ya sabini, nyumbani kwetu Nyamasaria. Daktari wa Kisumu alikuwa amempa baba vidonge vya presha, kimoja kila asubuhi. Baba alivigawa sawasawa kati ya wake zake wawili, kama alivyogawa samaki, asije akaambiwa anapendelea nyumba moja. Kila asubuhi alikunywa uji wa mama mkubwa na kidonge, kisha uji wa mama na kidonge kingine. Ikawa akiinuka, anaanguka. Mara ya tatu alipasua paji la uso kwenye jiwe la kusagia.

Asubuhi iliyofuata mama aliona kidonge mkononi mwa mama mkubwa, akaelewa. Alimfuata ndani ya nyumba yake kumnyang'anya.

“Umekuja kuiba hata dawa?” mama mkubwa alifoka, akampiga mwiko wa moto shavuni. “Uji wako haumtoshi mzee?”

“Mwenzangu, tunamuua! Tunampa mara mbili!”

Wakakamatana, sufuria ikapinduka. Baba alijikokota hadi mlangoni, akamwona mke mdogo akipigana ndani ya nyumba ya mkubwa, akainua fimbo.

Mama aliporudi kutoka hospitali na plasta mkononi, alimweleza baba upya. Baba alivikusanya vidonge vyote, akavitia mfukoni mwa koti lake, akasema atavimeza mwenyewe. Hatukumwona akimeza hata kimoja.