Siku Niliyowakimbiza Watu wa Ndosho kwa Gitaa la Besi

Wenzangu, kuna aibu unayoiona wewe peke yako, unajifunika blanketi, asubuhi inapita, na kuna aibu ambayo mtaa mzima unaishuhudia, na mpaka leo ukipita barabarani mama mmoja anamgusa mwenzake kwa kiwiko. Yangu ni hiyo ya pili. Nimeshaisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, na kila mmoja anaongeza chumvi yake (kuna anayeapa kwamba nilivaa kofia ya chuma, na mimi hata helmeti ya pikipiki sijawahi kuwa nayo), basi afadhali niieleze mwenyewe jinsi ilivyokuwa.

Kwanza mujue ugonjwa wangu. Kazi yangu ni kutengeneza redio, lakini moyo wangu uko kwa magitaa ya besi. Nyumbani kwangu, mtaa wa Mapendo, nilikuwa nayo matatu. Moja la zamani, limetoka Japani kabla sijazaliwa, zito kama mfuko wa simenti, lakini ukilipiga sauti inakuja nene na ya mviringo, kama maharagwe yaliyoiva vizuri. La pili la kisasa, kamba tano, ndani lina betri ndogo, sauti yake safi kama sahani mpya, na wakati mwingine baridi kama sahani mpya vilevile. La tatu lilichongwa na seremala wa hapa hapa Goma, ni zuri kwa macho, ila likipigwa na jua sauti zake zinapotoka na hazirudi. Jioni nilikuwa nayapanga kitandani, napiga wimbo uleule kwa la kwanza, kwa la pili, kwa la tatu, halafu namwuliza mke wangu, Mama Neema, lipi limemgusa, naye anajibu bila kuacha kuchambua sombe, majani ya muhogo ya jioni: "Si zote zinasema dum?"

Sasa wakati huo vita vilikuwa vimekaza huko Rutshuru, na watu walikuwa wanashuka Goma kwa miguu, magodoro kichwani, sufuria mkononi, watoto mgongoni. Mtaani Ndosho hakukuwa na nyumba isiyo na wageni, watu wanalala hadi jikoni, na mji mzima masikio wima: tairi la lori likipasuka, maduka yote yanafungwa. Katikati ya hayo yote, Mama Jojeti, kiongozi wa kwaya yetu (nilihamia Mapendo lakini kwaya ya Ndosho sikuiacha, mimi ndiye mpiga besi wao), akanipigia simu Jumamosi moja saa sita mchana. Akaniambia kwamba kwa dada yake kumefika mukimbizi mumoja kutoka Kiwanja, kulekule Rutshuru, Papa Muhindo, amekuja na besi mgongoni na anataka kuiuza.

Redio ya mteja niliiacha wazi mezani, skrubu zimetawanyika. Nilipanda pikipiki ya kukodi kabla simu haijakatika vizuri.

Papa Muhindo alinipokea uani, mwanaume mwembamba, mpole, akaingia ndani akatoka na kitu kimeviringishwa kwenye kitenge. Alipokifunua, jamani! Besi ya zamani, kamba nne, rangi ya chai ya maziwa katikati, pembeni imeiva nyeusi kama ukoko, na pale juu ambapo kidole gumba kinapumzika mbao ilikuwa imelika, kijishimo kidogo, laini kabisa. Nilibandika sikio kwenye mbao, nikagusa kamba moja, na mbao yote ikatetemeka hadi kwenye taya langu. (Ninyi mnaocheka hamjawahi kupenda kitu.)

"Nilipigia harusi ya Kiwanja yote na hii," Papa Muhindo akasema. "Siku tulikimbia, bibi yangu alibeba godoro, miye nikabeba hii. Batu ya njiani balinicheka sana. Balisema, papa, unakimbia vita ao unaenda ku feti ya harusi?"

"Sasa unauzisha ju ya nini, papa?"

"Batoto habakulake besi," akajibu, na akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka.

Bei tulielewana upesi, sikupunguza hata kidogo (Mama Neema asisikie), naye akaishika kwa muda kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika, halafu akanipa. Kitenge alibaki nacho, kilikuwa cha mke wake.

Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mvua ilikuwa inaanza kunyunyiza. Mtu mwenye akili angengoja ikatike, anywe chai, apande pikipiki arudi nyumbani. Lakini mimi nilikuwa nimeshawaka, nilijua kwaya inakusanyika kwa mazoezi muda huohuo kwenye sali, ule ukumbi wa parokia, si mbali kwa miguu, wana ampli, ile spika yetu kubwa ya kuchomekea magitaa, na wana besi ya kisasa ya kwaya, basi nikasema nipitie pale niyalinganishe yote mawili sasa hivi, kwa nini nisubiri? Nikaomba nailoni nyeusi, nikaifunga besi yangu mpya kuanzia mwisho hadi mwanzo, nikaikaza kwa mipira ya tairi la baiskeli ili maji yasipate njia.

"Papa, beba wazi tu," Papa Muhindo aliniambia. "Batu baone ni gitare."

"Italowana!" nikasema. Nikaiweka begani, shingo ndefu imetazama mbele, tumbo nene nyuma, nikaishikilia kwa mikono miwili, nikatoka mbio mbio kwa furaha huku nimeinama kwa ajili ya mvua.

Sasa nyinyi jiwekeni mahali pa watu wa Ndosho. Mwanaume, amelowa, ameinama, anakuja haraka kutoka uchochoroni, begani ana kitu kirefu cheusi kinachowaelekea. Mimi sikuwaza hayo. Mimi nilikuwa nawaza kubadilisha kamba.

Nikasikia mwanamke mmoja akipiga kelele: "Bamefika!"

Neno hilo, mwenye kuishi Goma wakati ule haulizi ni akina nani. Nilichoona ni watu wote wa barabara wanageuka kwa pamoja na kuanza kukimbia, milango inabamizwa, kijana wa chukudu ameacha kigari chake cha mbao na viazi vyake katikati ya njia. Nikasema leo ndiyo leo. Na kwa kuwa wao walikuwa wanakimbia kuelekea parokiani, na mimi nikakimbia kuelekea parokiani. Nyuma yao.

Nilikimbia, wenzangu! Kwenye yale mawe ya volkano, na besi begani, maana kuiacha haikunijia kabisa akilini. Nikaona kitu cha ajabu: kila aliyegeuka nyuma alilia zaidi na kuongeza mwendo, basi mimi nikadhani hao wanaokuja wako nyuma yangu kabisa, nikaongeza mwendo, nao wakaongeza. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mnene mwenye beseni la sambaza kichwani, beseni likamponyoka, samaki wadogo wote wakamwagika njiani, akasita kutaka kuwaokota. Nikamhurumia. Nikamkimbilia nikipaza sauti: "Mama, acha samaki! Kimbia tu!" Aliniangalia, akaangalia begani kwangu, akaruka kama swala. Nikapita pembeni ya polisi naye akikimbia kwa nguvu zake zote, kiatu kimoja hana, na hilo ndilo lililonimaliza: nikasema kama hata shefu, polisi mwenyewe, anakimbia, basi mji umekwisha.

Tukafika salini. Wote wakaingia, mimi wa mwisho, na mlango ukafungwa mbele ya pua yangu.

"Fungueni!" Nikapiga mlango kwa mguu. "Fungueni upesi!"

Ndani kulikuwa na kilio na sala za Maria. Halafu sauti ya mwanaume mmoja ikasema kwa unyenyekevu: "Papa, tunakuomba. Huku tuko na batoto."

"Na miye niko na batoto! Fungueni, banakuja!"

Yule mwanaume wa ndani akasogea mlangoni.

"Nani anakuja?"

Nikageuka. Barabara ilikuwa tupu. Mbwa mmoja alikuwa anakula sambaza, na nyuma kabisa mvua. "Sijui," nikasema. "Miye nimeona munakimbia."

"Sisi tunakukimbia weye!"

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Ni kama mutu ameamka akajikuta yuko sokoni bila suruali. Kisha nikasikia sauti ninayoijua ikisema: "Ngojeni, ngojeni. Hiyo si sauti ya Papa Neema? Papa Neema, ni weye?" Alikuwa Mama Jojeti. Nikajibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, "Ni miye, mama," na mlango ukafunguliwa kidogo, macho kama hamsini yakinitazama.

Polisi alitoka nyuma ya ngoma kubwa ya kwaya, akajinyoosha sare, akawa mkali ghafla. "Weka chini! Tosha ile nailoni!"

Nikapiga magoti, lakini mipira ya baiskeli nilikuwa nimeikaza kwa upendo, haifunguki, kila nikivuta watu wanarudi nyuma hatua moja. Hatimaye besi ikatokea. Watu wakaitazama.

"Ni gitare," nikasema.

"Gitare haina tundu?" polisi akauliza. "Na kamba ine tu? Ipige tusikie."

Nikaipiga. Mnajua besi ya umeme isiyochomekwa inavyolia? Inalia kama nzi kwenye chupa. Tin, tin. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Tin. Mama wa sambaza akasema kwa sauti: "Munaona? Haina hata sauti! Huyu anatudanganya!" Na watu wakaanza kunung'unika vibaya, na hapo nikaogopa kweli, kwa sababu watu waliotoka kulia kwa hofu hawako mbali na mawe.

"Ichomekeni kwa ampli!" nikasema. "Mama Jojeti, nisaidie!"

Tukachomeka. Nikawasha, nikafungua sauti hadi nusu ili wasikie vizuri (mimi na akili zangu), nikazungusha kitufe cha besi. Kitufe kile, wenzangu, kilikuwa kimekula vumbi la njia yote kutoka Rutshuru. Sauti iliyotoka kwenye ampli haikuwa dum. Ilikuwa: TRA-TA-TA-TA-TA!

Sali ilibaki na watu wawili, mimi na Mama Jojeti, naye alikuwa chini ya benchi. Wengine walitoka kwa mlango, kwa madirisha, polisi akiwa wa kwanza, na sasa hana viatu vyote viwili.

Nilikaa chini sakafuni. Nilitaka kulia. Na wakati huo huo, akipenya kinyume na watu wanaotoka, akaingia Papa Muhindo, amelowa chepechepe, kwa maana alikuwa ameambiwa kwamba yule mununuzi wake amekamatwa akiwa na bunduki. Aliniangalia, akaiangalia nailoni, hakusema "nilikuambia," Mungu ambariki. Alichukua besi, akapunguza sauti, akakizungusha kile kitufe kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mikwaruzo ikaisha. Kisha akaweka kidole gumba kwenye kile kijishimo chake na akapiga.

Dum.

Sijawahi kusikia besi ikisema vile. Ilitambaa sakafuni, ikapanda kwenye mabenchi, ikatingisha vioo. Alipiga polepole kwanza, wimbo wa kumwingiza bibi harusi, kisha akauchangamsha. Vichwa vikaanza kutokea madirishani, kimoja, viwili. Mama wa sambaza alikuwa wa kwanza kuingia, amesimama mlangoni mkono kifuani. "Papa Muhindo?" akasema. "Papa Muhindo wa Kiwanja? Si weye ulipigaka ku harusi yangu?" Naye akaitikia kwa kichwa bila kuacha kupiga. Yule mama akacheka, halafu akalia, halafu akaanza kucheza, na wamama wengine wa Rutshuru wakamfuata, na Mama Jojeti akatoka chini ya benchi akakamata ngoma. Watu waliokimbia mara mbili mchana mmoja walicheza kama vile hawajakimbia hata mara moja.

Na mimi? Mimi nilikuwa nje mvuani na beseni, nimechuchumaa, naokota sambaza mmoja mmoja kutoka kwenye mawe, nikishindana na mbwa, huku watu wakinipita na kusema, "Papa Bomu, usisahau ule pale." Waliobaki hawakufaa kitu, nikamlipa mama yule beseni lake lote, na bado aliniangalia vibaya.

Nilipomaliza nikaingia salini kuchukua nafasi yangu, maana mazoezi yalikuwa yanaanza na mimi ndiye mpiga besi. Mama Jojeti akanishika bega kwa upole mkubwa, ule upole wa muganga kabla ya sindano. "Papa Neema," akasema, "tumezungumuza na kwaya. Papa Muhindo atapiga besi. Weye utatusaidia kubeba ampli."

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo. Besi ni yangu, nimeinunua kwa pesa zangu, inalala kwangu Mapendo kando ya zile tatu, na kila Jumapili naipeleka Ndosho kwa mikono yangu ili Papa Muhindo aipige, na parokia inamlipa kitu kidogo kinachopeleka sufuria jikoni. Mama Neema amecheka hadi amechoka. Nikimsikiliza Papa Muhindo nasahau hata kukasirika, napiga tu makofi pale pembeni, na ampli yangu.

Lakini nimeapa mbele ya ukoo wangu wote: gitaa silifungi tena kwa kitu chochote, linyeshewe, lipigwe jua, lionekane. Na ninyi, mkiona watu wanakimbia, msikimbie kwanza. Jiangalieni begani.