Maneno kumi na moja yaliyompotea Bi Faili

Saa tatu asubuhi, mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Bi Faili anasoma namba mbili kwenye kompyuta yake. Anazifunika kwa kiganja, anavuta pumzi, anazisoma tena. Hazijabadilika. Faili la asili lina maneno 18,412. La Word alilolitoa sasa hivi lina 18,401.

"Kumi na moja," anasema. "Yameenda wapi?"

Saa nane mchana kazi hii inatakiwa kwa mhariri wa hospitali. Ni toleo la pili la mwongozo wa kuchanganya dawa za kusafishia wodi. Maneno kumi na moja kwenye hadithi ya mapenzi hayamdhuru mtu, lakini humu yanaweza kuwa onyo zima. Chai yake imepoa bila kuguswa.

Wengi hawaijui kazi hii hata kwa jina. Kuna waandishi, hasa watu wa hesabu na maabara, wasiotaka kabisa kusikia habari za Word. Huandika maandishi matupu na kuyapachika alama: hii ya kichwa, hii ya herufi nzito, hii ya jedwali. Wahariri nao hawataki kuziona alama hizo. Bi Faili yuko katikati yao. Hulipitisha faili kwenye programu, ikatoka hati ambayo mhariri anaweza kuifungua na kuisahihisha.

Programu humaliza kwa sekunde chache. Kuhakikisha hakuna kilichopotea humla siku mbili, pengine tatu; leo ana saa tano tu.

"Watu wanadhani nabonyeza kitufe basi nimemaliza," anasema. "Hicho kitufe ndicho kinachonikosesha raha."

Chumba anagawana na wifi yake, fundi cherehani. Leo cherehani imefunikwa kitambaa, kwa kuwa wifi ameitwa kusoma. Anasoma faili la asili kwa sauti, pamoja na alama zake zote, na Bi Faili anafuata kwa kidole kwenye hati ya Word. Mkwaju, yaani kile kistari cha mshazari, mabano, mkwaju tena. Wifi, ambaye utani kwake ni kama uzi na sindano, anasema kaka yake alioa mganga bila kujua, maana haya si maneno ya binadamu. Siku nyingine angejibiwa vizuri sana. Leo anaambiwa aendelee kusoma.

Utaratibu huu una miezi minne tu. Ulianza siku mwanafunzi mmoja aliporudi na tasnifu yake huku analia: jedwali lilikuwa limepoteza safu mbili, na wasimamizi wake wakadhani ameficha matokeo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo Bi Faili huhesabu maneno ya pande zote mbili, na yasipolingana, kazi haitoki.

Saa tano na robo, wifi anasoma, "Tumia maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa sakafu na vifaa pekee. Yasiguse kidonda wala ngozi ya mtoto."

Kidole cha Bi Faili kimesimama. Kwenye Word sentensi inaishia kwenye 0.5.

Anaeleza polepole, macho hayatoki kwenye kioo cha kompyuta. Katika maandishi ya aina hii, alama ya asilimia (%) huiambia programu iruke kila kilichobaki kwenye mstari. Mwandishi anayetaka alama yenyewe ionekane lazima aitangulizie mkwaju. Kote kitabuni mwandishi alikumbuka. Hapa alisahau, na programu ikatii.

Wifi anashusha pumzi na kuinuka kwenda kwenye cherehani yake. Bi Faili haondoki kitini. Sura hii, anasema, ilikuwemo pia kwenye toleo la kwanza. Aliyeligeuza kuwa Word ni yeye, mwaka jana, kabla hajaanza kuhesabu.

Anachukua nakala yake rafuni. Ukurasa wa thelathini na moja, sentensi inaishia kwenye 0.5. Nakala arobaini kama hii ziko wodini tangu mwaka jana. Uso wake umebadilika rangi, na mwandishi wa habari hizi anaona aibu kuwa na kalamu mkononi.

"Wifi, kosa ni la mwandishi," anasema fundi cherehani. "Mwambie alisahau alama yake. Kwani uongo?"

"Si uongo. Lakini mgonjwa hataniuliza nani alisahau."

Anampigia mhariri. Anamwambia kosa limepita mkononi mwake, anamtajia ukurasa, anamsomea maneno yote kumi na moja mara mbili. Kama atapewa tena kazi baada ya hili haulizi, na mhariri naye hagusii. Anachoomba ni wodi zote zipigiwe simu sasa hivi.

Saa sita kasoro robo mhariri anarudisha majibu. Wodi zote zimepokea ujumbe, isipokuwa ya watoto. Simu inaita tu.

Bi Faili anavaa viatu. Anasema ataanza na hiyo, kisha apite wodi zote na kalamu, aandike mstari ule kwa mkono wake katika kila kitabu. Toleo la pili litasubiri.

"Ninachoomba ni kimoja," anasema akiwa tayari mlangoni. "Nikifika, waniambie ukurasa ule hawajawahi kuusoma."