Midi ya Dada Raya

Vumbi likipata moto ndani ya chombo cha umeme hutoa harufu yake, kavu, yenye ukali wa nywele zilizoungua. Juzi fundi alifungua redio mbele yangu, harufu ile ikanijia puani, nikajikuta nimerudi nyumbani Jadida, Wete, kwenye chumba cha dada yangu Raya na kompyuta kuukuu aliyoletewa na mjomba kutoka Maskati.

Mimi nilikuwa mtoto wa skuli ya msingi. Raya alikuwa sekondari, mkimya, akizifanya kazi za nyumbani mbio mbio ili arudi kutunga muziki wa gemu. Alitumia programu ya aina iitwayo traka, ambayo nota zake huteremka kwenye kioo kama mchwa wanaoshuka ukutani. Sauti alizirekodi mwenyewe: mchi kinuni, kifuniko cha sufuria, kuku wa jirani. Kuku yule alimfanya aimbe besi, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Mama yetu alikuwa msomaji wa kasida kwenye maulidi ya wanawake. Mwaka ule alitokwa na uvimbe kooni, sauti ikaanza kukwaruza, ikaamuliwa apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa. Kabla hajaondoka, Raya alimwekea maikrofoni mdomoni.

"Sema aaa, mama."

"Aaa tu? Mie n'na kasida nzima kifuani, weye wataka aaa?"

"Yatosha. Mengine n'tayafanya mwenyewe."

Mama akacheka, akaivuta aaa yake mpaka pumzi ikamwishia. Kwa sauti ile moja, Raya akiipandisha na kuiteremsha, alitunga wimbo mzima ambamo mama aliimba na kujiitikia mwenyewe.

Mama hakurudi akiwa hai. Baada ya hitima, baba, ambaye hakuwahi kuigusa kompyuta ile, alianza kuingia chumbani kila alasiri. Alikuwa akiketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Hebu niwekee," akausikiliza wimbo ule wa mama, akatoka.

Binamu yetu Nassor alikuwa akisoma Unguja na kutengeneza gemu ya simu, ya kaa anayekwepa nyavu. Aliutaka wimbo ule, lakini kwa midi, kwa kuwa simu za wakati ule hazikuweza kubeba faili la traka. Nilimuuliza Raya tofauti yake.

"Traka ni wali uliokwisha pikwa," alinambia. "Midi ni maelezo ya kupika. Kila simu itaupika kwa mchele wake."

Sikuelewa, lakini niliitikia. Faili la midi likaenda Unguja. Haukupita muda mrefu, umeme ukakatika, uliporudi ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikatoa moshi. Fundi wa Wete akatikisa kichwa. Baba akaichukua mpaka Chake Chake, na huko nako wakamwambia kilichokuwamo kimeungua chote.

Nassor alipokuja likizo alituletea gemu yake. Tulimzunguka ukumbini. Kaa akaanza kukimbia, wimbo ukaanza. Kila nota ilikuwa mahali pake, hata pale mama alipokuwa akipanda juu na kukaa. Ila aliyeimba alikuwa kitu kama filimbi ya bati. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Wimbo ndio," alisema. "Na mamaenu yuko wapi humo?"

Baba akavaa kofia yake akaenda msikitini, na adhana bado.

Mimi sikukata tamaa. Nassor alituachia wimbo kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, nikagundua kuwa simu ya shangazi iliuimba kwa kinanda, ya mwalimu wangu kwa zumari. Basi nikaamini iko simu mahali fulani yenye mama. Mgeni hajamaliza kuvua viatu, nshamwomba simu. Raya alikuwa akiitia kadi, akikaa nami mkekani, tukisikiliza.

"Siye huyu," nikisema.

"Siye."

"Tujaribu nyingine?"

"Tutajaribu."

Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kwamba midi haina sauti ya mtu yeyote. Inasema nota gani, lini, kwa nguvu kiasi gani, basi. Hapakuwa na simu duniani ambayo ingemtoa mama, na Raya aliyajua hayo tangu siku kompyuta ilipotoa moshi.

Siku hizi Raya ni muuguzi na hatungi tena. Nilimuuliza kwa nini hakunambia mapema, akaniacha nijaribu simu baada ya simu.

"Nyumba nzima weye ndiye uliyekuwa bado ukimngoja," alisema. "Mie nilikuwa nakuja kukaa karibu na mtu anayengoja."