Jua la Paa la Mbele

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Fundi Jua hutoka uani, akakunjua kiganja mbele ya ukuta na kukitazama kivuli chake. Kingo zikiwa kali kama zimekatwa kwa mkasi, hutabasamu, zikififia, huguna. Mumewe amezoea. "Umeshasalimiana na mpenzi wako?" humuuliza, akimsogezea chai.

Jina hilo alibandikwa na watu wa mtaani, naye hulijibu kifua mbele. Hufunga paneli za sola, lakini fahari yake hasa ni makadirio: akikwambia paa lako litatoa umeme kiasi gani, hatii chumvi.

Ndiyo maana mshonaji wa jirani alimkera. Alikuwa na oda ya sare za shule, cherehani tatu za umeme, na umeme wenyewe wa kukatikakatika. Alitaka paneli nne, tena juu ya paa la mbele.

"Mbele una ghorofa la watu," Fundi alimwambia. "Kivuli chake kitakula jua lako mchana. Saa nane tu, cherehani zimelala."

"Dada, acha kunitia nuksi! Kila paneli imeandikwa wati mia tatu, na jua linawaka kutwa. Yule muuzaji wa dukani kasema hata pasi nitachomeka."

"Hizo ni wati za jua la utosini. La asubuhi na la jioni ni mwanga tu. Mimi hukadiria masaa matano ya jua kali, basi."

"Basi atanifungia yeye."

Mwezi ule Fundi hakuwa na kazi nyingine, na "sawa" ni neno fupi sana. Alilimeza. Akapanda ngazi, akalaza paneli moja kwenye paa la mbele, akateremsha waya hadi kwenye feni ndogo mezani pa mshonaji.

"Leo usinisikilize mimi. Itazame hii."

Kufikia adhuhuri feni ilikuwa ikipeperusha vitambaa. "Haya, iko wapi nuksi yako?" mshonaji alicheka, akivikimbiza chini ya meza.

Saa nane kivuli cha ghorofa kikafunika safu ya chini ya paneli, safu moja tu, lakini vipande vya paneli vimeungana kama mnyororo. Feni ikasinzia, ikasimama.

"Ni wingu," mshonaji alisema, akatoka mbio kutazama. Mbingu ilikuwa safi, bila wingu hata moja.

Ndani, Fundi alijiona mrefu kuliko lile ghorofa.

Mshonaji alirudi taratibu. "Nilitaka wapita njia wazione paneli, bwana. Wajue hapa kuna mambo." Akaigusa feni kwa kidole. "Ungekuwa wewe, dada, ungezifunga wapi?"

"Juu ya jiko, huko nyuma. Cherehani zote tatu zitatembea mpaka jioni. Pasi utabaki na ya mkaa, na hakuna atakayeziona."