Kikapu cha Jibini Kilichoonwa na Wote

Nimewadharau watu wachache kama nilivyomdharau shemeji wa mama mmoja mwenye duka la jibini. Mama huyo, mtu wa Bukavu, aliuza jibini ya Masisi hapa Goma kupitia saiti ya intaneti niliyomtengenezea mimi. Saiti ilikwenda vizuri. Kisha shemeji yake akarudi kutoka Kinshasa na cheti cha mafunzo, akaanza kuitwa enjeniya, akatangaza kwamba saiti ni nzito, inafunguka polepole. Bila kuniuliza, akaweka plagini tatu za kashe, programu ndogo za kuiharakisha.

Kashe ni jambo la kawaida. Plagini inapiga picha ya ukurasa, na mgeni anayefuata anapewa ile picha ili asingoje. Picha ya jibini haimdhuru mtu. Lakini kikapu cha mnunuzi, chenye alivyochagua, jina na anwani yake, ni chake peke yake, hakipigwi picha. Plagini moja ikiachwa peke yake inalijua hilo. Yeye aliweka tatu, kama mtu anayevaa suruali tatu akidhani atakimbia zaidi, akabonyeza kila kitufe alichokiona.

Asubuhi moja nikiwa dukani, mama mmoja wa kwaya yetu aliingia, simu mkononi, bila kusalimu. Alikuwa amefungua saiti ili anunue jibini ya sherehe ya komunyo ya mtoto wake. Kikapu chake, ambamo alikuwa hajaweka kitu, kilikuwa na maduara mawili ya jibini, jina la mume wake, na mahali pa kupeleka: nyumba moja ya Mugunga. Wao walikaa Katindo.

"Huyu mutu wa Mugunga ni nani?" aliniuliza.

Enjeniya, aliyekuwa amekaa karibu na friji, akadakia. "Ni koneksyo ya intaneti, mama. Mvua ikinyesha..."

"Mvua inajua jina la bwana yangu?"

Nilitaka kucheka. Nikauona uso wake, nikaacha.

Nilifungua kompyuta palepale. Nikazima plagini zote, nikafuta picha zote, kikapu kikawa kitupu. Nikawasha ya kwanza, kikabaki salama. Nikawasha ya pili juu yake, na jibini niliyoichagua kwa simu yangu ikatokea kwenye simu ya mama mwenye duka. Nikamwonyesha enjeniya. Akasema Kinshasa mambo hayo hayatokei. Nikafuta mbili, nikabakiza moja, nikaizuia isiguse kikapu wala ukurasa wa kulipia.

Mchana mume mwenyewe akaja. Ni yeye anayesoma masomo kwenye misa, kwa sauti nzito. Akanivuta nje.

"Papa," akaniita kwa heshima, "mwambie bibi yangu mashine ilikosea."

"Ilikosea kumwonyesha."

"Sema tu ilikosea. Nyinyi watu wa mashine, watu wanawaamini."

"Ile anwani uliandika wewe. Mashine haijui kubuni nyumba."

Alinitazama kana kwamba nyumba ya Mugunga nimeijenga mimi. Akarudi ndani, na nikamsikia enjeniya akimwahidi kwamba atamweleza bibi kitaalamu. Jioni alimweleza: ni kirusi kutoka ng'ambo, kinachochanganya majina ya watu na mitaa yao.

Jumapili baada ya misa, yule mama wa kwaya akanifuata hadi dukani.

"Kirusi cha vile kiko?"

"Hakiko, mama."

Alikaza kitenge chake kiunoni, kisha akaagiza jibini ya komunyo. "Peleka Ndosho, kwa mama mukubwa. Minaenda kukaa kule na batoto."

Nilipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Mama mwenye duka alininunia kwa muda mrefu, akisema ningeweza kunyamaza. Ningeweza, kweli. Lakini ningekuwa nimekaa benchi moja na wale wanaume wawili, na hilo lilinishinda.