Samli kwenye Ubao wa Mkate

Siku ya kwanza kazini nilifika karakana kabla ya mwenye ufunguo, nimevaa suruali ya mjomba iliyokuwa na nafasi ya mtu mwingine ndani. Watu husema niliacha shule darasa la tano. Ukweli ni kwamba hesabu ndiyo iliniacha. Karakana ilikuwa hapa Nakuru, nyuma ya stesheni, miaka ya hamsini. Foreman, Kalasinga mwenye vumbi la mbao kwenye ndevu, akanipa kipande cha msasa. "Wewe sugua. Mimi nasema bas, wewe nawacha."

Hakusema bas mpaka jioni.

Nyinyi vijana mnaona ubao wa kukatia mkate ni kitu ya kununua na kutupa. Sisi tulichagua mutamaiyo, mti mgumu wa huku juu. Unapiga randa, unasugua, halafu unapangusa na kitambaa chenye maji ili nywele za mbao zisimame. Ukikauka unazinyoa na msasa laini, ndio unapaka mafuta. Mafuta yenyewe yalitoka kwa kemisti: yale meupe yasiyo na harufu, watu walikuwa wanakunywa kufungua tumbo. Kila nikienda, mzee wa kemisti aliniuliza mbele ya akina mama, "Kijana, bado tu?"

Sasa, nilikuwa kwa majaribio, na baba yake Nyambura, msichana wangu, alikuwa amesema binti yake haolewi na kibarua. Foreman akaenda Molo kupima milango, akaniachia mbao za mkate za hoteli moja ya mjini nizimalizie. Mafuta yakaisha. Kwa kemisti nikaona haya. Nikakumbuka samli niliyopewa na nyanya kule Kuresoi. Yeye alipaka samli kila kitu: kibuyu, kiti, hata mimi. Nikapaka. Mbao zikang'aa, nikajiona profesa.

Baada ya wiki mbili hivi, mpishi mkuu wa hoteli akaingia na gunia.

"Foreman, nusa."

Foreman akanusa, akarudi nyuma. "Nani nakufa ndani?"

"Wageni wananiuliza kwa nini mkate inanuka beberu!"

Nikaeleza yote: samli, nyanya, na aibu ya kemisti. Foreman akafunga macho. "Hii mbao, hapana nyanya yako. Jumamosi mpishi nakata mkate hapa. Nanuka, wewe narudi Kuresoi."

Samli ni chakula, na chakula huchacha. Niliparuza kila ubao na chumvi na ndimu, nikaanika kivulini usipinde, nikasugua upya. Halafu kemisti. "Chupa sita," nikasema. Mzee akavua miwani. "Pole sana, mwanangu."

Nikapaka pande zote mbili, maana ukipaka upande mmoja ubao unajikunja. Mafuta yakaingia, nikapangusa, nikapaka tena, mwisho nta ya nyuki.

Jumamosi mpishi akakata mkate, akanusa, akatafuna polepole kama hakimu. Mimi nilikuwa namwona Nyambura akienda na bwana mwingine, tena mwenye suruali ya kumtosha.

"Iko sawa," mpishi akasema.

Foreman hakunisifu. "Jumatatu, saa moja. Na suruali peleka kwa fundi cherehani." Ndivyo nilivyojua nimeandikwa.

Nilifanya kazi pale miaka mingi, nikaenda Molo chini ya meneja mmoja mkali, nikamalizia kwa karakana yangu ndogo hapa Rhonda mpaka mikono ikakataa msasa. Kwa arusi yetu Foreman alituletea zawadi: ubao mmoja wa zile mbao za samli. Bado uko jikoni. Hatuuachi kwa maji, tunausimamisha upate hewa, na kila mwezi naupaka mafuta.

Lakini hata leo, kabla ya kukata mkate, Nyambura huuinua mpaka puani, ananitazama, ndio anakata.